Alimpiga Mara Ngapi?

Mtaa wa West Indies, Eldoret
17 Machi 1985

Kwako mwanangu Awuor,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umekula. Sisi huku tuko, hatuugui, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limejua mvua inakuja kabla redio haijasema. Unga wa manjano wa ile njaa ya mwaka jana umeisha madukani na watu wamefurahi kama wafungwa waliofunguliwa. Nisamehe, hilo neno limetoka lenyewe.

Naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie. Mwalimu wetu wa gumbaru, haya masomo ya watu wazima, alisema mama anayeandikiwa barua hana siri, ana tangazo. Kwa hivyo ukiona herufi zimelala ujue ni uchovu. Bado nafua kule Elgon View. Mama wa pale alinipa sweta ya mtoto wake ambaye amenenepa, nami nimempelekea ndugu yako Joash rumande. Imemtosha mabega, mikono imebaki nje. Amekonda lakini anacheka. Aliniuliza kama nimelipia kadi ya chama, kwa sababu siku ile nyingine askari wa getini aliniuliza kadi kabla ya kuniuliza jina. Nikamwambia nimelipia. Sasa mimi ni mwanachama na naweza kumwona mtoto wangu.

Awuor, serikali imetupa wakili. Anaitwa Kiprono, kijana wa huku huku Uasin Gishu, viatu safi. Nilimuuliza, wewe ni nani amekuajiri? Akasema ni serikali, kwa sababu kesi ya kuua mtu haiwezi kusikizwa bila wakili. Nikamwambia sasa nisaidie nielewe. Serikali inamshtaki Joash, serikali inamtetea Joash, serikali itamhukumu Joash. Joash mwenyewe anafanya nini hapo? Akasema, Mama, Joash anakaa tu. Halafu akasimama akafunga dirisha.

Akaniambia nimweleze. Nikamweleza vile najua, nawe usome uone kama nimekosea mahali. Kwamba Johnstone, mtoto wa Nasambu, alifukuzwa kiwanda cha nguo walichofanyia kazi yeye na Joash, kwa sababu ya kitambaa walichomkuta nacho amekifunga kiunoni chini ya shati. Kwamba alisema ni Joash aliyemchongea kwa supavaiza. Kwamba Jumapili ile ya Januari, mimi nikiwa kanisani, alikuja kwetu na panga. Kwamba Joash alikuwa anatia jembe mpini mpya, akampiga na ule mpini. Johnstone akaanguka pale mlangoni, kwa ngazi ya simiti, akafa kabla gari halijapatikana. Na kwamba wewe ulikuwa hapo hapo nje unaosha vyombo.

Wakili akauliza, Mama, uliona? Nikasema nilikuwa naimba. Nani aliona? Nikasema Awuor. Kwa maana Mwihaki wa nyumba ya pili alitoka kelele ikiwa imeisha, akamwona mmoja amelala na mwingine amesimama na mpini, na hayo ndiyo aliyowaambia polisi. Wewe polisi hawakukuandika. Siku ile ulikuwa unatapika, na baada ya hapo ukapanda basi kwenda kazi yako mpya.

Mwanangu, unajua kwetu Bunyore mtu akishtakiwa mbele ya wazee anakuja na watu wake wa kumsemea. Asiye na wa kumsemea, hata awe msafi kama maziwa, anarudi nyumbani bila ng'ombe. Na hii si ng'ombe. Wakili ameniambia adhabu ni moja tu na inafanywa kwa kamba.

Unakuja lini?

Mimi mama yako,
Leonida


Taveta
2 Mei 1985

Mama mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara nyingi. Nimefurahi sana kuona umeandika mwenyewe. Herufi zako hazijalala hata kidogo.

Mimi ni mzima. Huku ni joto, watu wanavaa kanga shuleni na hakuna anayeshangaa. Nina darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati. Mwalimu mkuu ametuambia kila mzazi alete mawe ya kujengea karakana, kwa maana mtaala mpya unataka watoto wajifunze useremala. Mawe yameletwa. Seremala bado. Maziwa ya shule yanafika yakiwa yameganda, lakini watoto wanayapenda hivyo hivyo.

Nimepanda nyanya nyuma ya nyumba ninayokaa. Huku nyanya hazina shida, ukitema mbegu inaota. Nikipata mtu anayekuja huko nitamtuma na kikapu.

Goti lako lisugue na mafuta ya nazi. Nimekutumia chupa kwa posta, nimeifunga na gazeti, natumaini haitavunjika.

Msalimie Joash. Mwambie bado nina ile redio yake ndogo na inafanya kazi.

Ni mimi mtoto wako,
Awuor

Joash analala wapi? Namaanisha, ana blanketi?


West Indies, Eldoret
16 Juni 1985

Kwako Awuor,

Chupa ilifika. Haikuvunjika, lakini gazeti lilikunywa nusu. Nimesugua goti na nusu iliyobaki, na gazeti nimesugulia sufuria. Asante.

Leo nakusalimu kama mama mkwe wangu, kwa sababu jina hilo ulilobeba ni lake, na yeye pia alikuwa ukimuuliza neno anakuambia habari ya nyanya.

Joash ana blanketi. Sasa na mimi nijibu.

Wacha nikuambie yaliyonipata. Nilienda kwa wakili nikamwambia shahidi wetu ako Taveta, tunataka kuthibitisha kwamba Joash alikuwa anajitetea. Akasema, Mama, hatuthibitishi kitu. Nikafikiri amekataa kesi. Akasema hapana, sheria iko hivi: si Joash atakayethibitisha kwamba alijitetea, ni serikali itakayothibitisha kwamba hakujitetea. Mzigo uko kwa serikali tangu asubuhi mpaka jioni, hauhami. Na jaji akibaki na shaka, Joash anaenda nyumbani.

Nikamuuliza, serikali ithibitishe kwa nani? Akasema kwa jaji. Nikamuuliza jaji analipwa na nani. Akaangalia dirisha, likawa limefungwa tayari.

Awuor, mimi ni mtu mzima. Sijawahi kuona serikali imebeba mzigo. Hata mawe ya shule yako wamebeba wazazi. Na sijawahi kusikia shaka ikimwokoa mtu. Kwetu shaka ndiyo inafanya watu wasile kwako. Kwa hivyo mimi nasema wewe uje, useme, na wakili aendelee na mambo yake ya shaka.

Kuna jambo lingine, na si zuri. Unakumbuka nilienda matanga kwa Nasambu. Wengine walinikataza, ati mama wa aliyeua haendi kwa mama wa aliyeuawa. Lakini mimi na Nasambu tumekuwa kikundi kimoja cha akina mama tangu watoto hawa wakivaa kaptura moja kwa zamu. Ningekaa nyumbani nifanye nini? Nilienda na unga na sukari. Nikasimama mbele ya watu, nikasema, Nasambu, mtoto wangu amekukosea, tusameheni. Akanishika mkono, tukalia, tukapewa chai.

Sasa nasikia kulikuwa na konstebo pale, amekuja kula. Amemaliza kula akaandika: mama wa mshtakiwa amekiri. Maneno yangu yako ndani ya faili ya kumnyonga Joash.

Nilimwambia wakili, nilisema pole tu. Akasema, Mama, hiyo si pole, hiyo ni kukubali makosa. Nikamuuliza kwao mtu akifiwa, na mkono ulioua ni wa nyumba yako, mnasema nini? Akafikiria kidogo. Akasema, tunasema hivyo hivyo.

Kesi itasikizwa Novemba. Shule zinafungwa. Hutakuwa na sababu.

Mama yako,
Leonida


Taveta
11 Agosti 1985

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na mitihani, halafu mkaguzi alikuja, halafu nikapata malaria, lakini si kubwa.

Karakana imefika usawa wa dirisha. Mtoto mmoja wa darasa langu aliniuliza kama Eldoret kuna bahari. Nilimwambia hakuna, kuna ngano. Akasema basi watu wanaogelea ngano. Nimecheka peke yangu mara nyingi kwa sababu ya hilo jibu.

Mama, kuhusu matanga usijilaumu. Ungekosa kwenda ingekuwa vibaya zaidi.

Kuhusu kuja nimefikiria. Kila siku nikitoka shuleni nafikiria. Sijakataa kuja. Nina swali moja tu na ningependa unijibu wewe, si wakili.

Nikisimama pale nikaapa kwa Biblia, na yule mtu wa serikali anayeshtaki akaniuliza Joash alimpiga mara ngapi, niseme nini?

Nyanya zimeiva zote kwa pamoja. Nawapa majirani.

Mtoto wako,
Awuor


West Indies, Eldoret
8 Septemba 1985

Kwako mwanangu mpenzi Awuor,

Pole kwa malaria. Kunywa dawa yote, usiache ukisikia nafuu, unajua ulivyofanya ukiwa darasa la sita.

Huku mvua imenyesha mpaka watu wameanza kuilalamikia, hao hao walioiombea mwaka jana. Mahindi ya hapa nyuma yamenipita urefu. Mwihaki amejifungua msichana. Nilimpelekea uji, kwa sababu kesi ni kesi na mzazi ni mzazi. Alilia, akasema yeye aliwaambia polisi alichoona tu. Nikamwambia kunywa uji.

Barua yako ilifika imenyeshewa. Sehemu nyingine sikuweza kusoma, hasa pale chini.

Nilienda tena kwa wakili Kiprono. Nikamwambia msichana wangu anakuja. Akafurahi, akachukua kalamu.

"Atasema nini?"

"Atasema alichoona."

"Aliona nini?"

"Sijamuuliza."

Akaweka kalamu chini. Nje mtu alikuwa anauza viazi kwa sauti kubwa, tukamsikiliza mpaka akapita.

Akaniambia, Mama, daktari ameandika kwamba kichwa cha marehemu kina alama mbili, moja pembeni na moja kisogoni. Akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyake. Akasema, ngazi ya mlango wako ni ya simiti, sivyo? Nikasema ndiyo, baba yao aliijenga mwenyewe, ina ukingo. Akasema, basi. Wacha serikali ije ieleze hizo alama mbili. Mzigo ni wao. Wewe Mama usiwasaidie kubeba.

Ndipo nikafikiria, mwanangu, hii safari ni ndefu sana. Na kifua chako si kizuri. Najua hujaniambia kwamba kinauma, lakini hivyo ndivyo kifua huanza. Halafu barabara zimeharibika. Halafu nani atamwagilia nyanya?

Kwa hivyo usije.

Joash anakusalimu. Sikumwambia uliuliza kitu, kwa sababu kama nilivyosema, sikuweza kusoma.

Mama yako anayekupenda,
Leonida


West Indies, Eldoret
1 Desemba 1985

Kwako Awuor,

Keti kwanza.

Ameachiliwa. Ako hapa, amelala. Nimeandika neno hilo mwanzo ili usiruke mistari. Sasa soma polepole.

Jaji wa Mahakama Kuu alikaa na wazee watatu kando yake wa kumpa maoni. Mmoja nilimfahamu, ni yule anayeuza mbegu karibu na soko. Nilifurahi, halafu nikakumbuka nilimrudishia mbegu za sukuma mwaka jana nikasema zimeoza. Nikakaa nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa.

Mwihaki alisema alichoona, mtoto akiwa mgongoni. Konstebo akasoma maneno yangu ya matanga kwa sauti ya kusoma gazeti. Mtu wa serikali akasema mnasikia, mama mwenyewe alikubali. Na akasema ile panga haikuja na Johnstone. Ati ilikuwa ya nyumba yetu, Joash aliiweka kando ya marehemu baadaye. Hapo roho yangu ilitoka ikaenda nje. Kwa sababu nani atasema siyo? Aliyekuwako ni wewe, na wewe nilikuambia umwagilie nyanya.

Daktari akaja. Alama mbili. Wakili akamuuliza, moja yaweza kuwa ni ya kuanguka kwa ngazi? Daktari akasema, yaweza. Unaweza kuapa kwamba si ya ngazi? Akasema, siwezi. Jaji akaandika. Huyo jaji anaandika polepole kuliko mimi.

Halafu wakaita Nasambu. Aliletwa na serikali, kusema huyo alikuwa mtoto wake na alikuwa mtoto mwema. Alivaa lile gauni lake la kikundi. Mtu wa serikali akamuuliza, mama huyu alikuja kwako akakiri? Nasambu akasema, "Alisema vile watu husema matangani. Hata fundi aliyetengeneza jeneza alituambia tumsamehe, na alikuwa ametengeneza vizuri."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka, lakini aliacha kuandika.

Ndipo wakili Kiprono akasimama na ile panga, ina karatasi imefungwa. Akamuuliza, Mama, hii umewahi kuiona? Mimi nikafunga macho. Nasambu akasema, "Hiyo ni yangu."

Wakili akamsogezea karibu.

"Unaijua vipi?"

"Mpini ulipasuka, nikaufunga na tyubu ya baiskeli. Mkono wangu una ganzi, bila tyubu siwezi kushika. Angalia, nimefunga mara tatu, na mwisho nimechomeka kwa ndani."

Wakafungua karatasi. Ilikuwa hivyo.

"Ilitoka kwako lini?"

"Jumapili hiyo asubuhi. Johnstone aliichukua, akasema anaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilishangaa, kwa sababu Jumapili alikuwa hakati hata kucha."

Mtu wa serikali akaruka. Akamuuliza kwa nini hakuwaambia polisi hayo. Nasambu akamwangalia kama anavyoangalia mtu aliyeingia kanisani na kofia. Akasema, "Hawakuniuliza panga ni ya nani. Waliniuliza mtoto ni wa nani."

Akashuka. Alipita karibu yangu bila kuniangalia.

Joash hakuapa, sheria inamruhusu. Alisimama pale pale kizimbani akasema, "Alikuja na panga. Aliinua. Nilimpiga. Akaanguka. Niliogopa." Wakili alikuwa amemwambia asiongeze neno, naye hakuongeza. Wazee wawili wakasema hana hatia. Yule wa mbegu akasema labda aliua bila kukusudia. Nilijua tu.

Siku ya hukumu jaji alisoma mpaka mguu wangu ukafa. Nilishika maneno machache kwa mkalimani. Alisema si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba alijitetea. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha, bila shaka yoyote ya maana, kwamba hakujitetea. Panga ilitoka nyumbani kwa marehemu. Alama ya pili haijulikani ni ya nini. Shaka ipo, na faida ya shaka ni ya mshtakiwa.

Kwa hivyo wakili alisema kweli. Serikali ilishindwa kubeba, ikaweka chini, ikaenda kula chakula cha mchana.

Mama yako,
Leonida


Taveta
29 Desemba 1985

Mama,

Nimekaa kama ulivyosema, na bado sijasimama. Mungu ni mwema. Nimewanunulia watoto wa jirani soda, hawajui ni ya nini.

Joash anasema nini? Ameniulizia?

Na Nasambu, mnaonana?

Sikuja Krismasi. Nilifika stendi na begi, nikarudi. Usiniulize kwa nini, nami sitakuuliza ni sehemu gani ya barua ilinyeshewa.

Awuor


West Indies, Eldoret
19 Januari 1986

Kwako mwanangu Awuor,

Mwaka mpya umetukuta wazima. Goti limenyamaza kwa sababu ya jua. Mtoto wa Mwihaki ameota jino moja na wanalionyesha kila mtu.

Joash ameanza kunenepa. Kiwandani hawajamrudisha, wanasema watamwita. Analima bustani ya watu kule Elgon View, na jembe wamempa la kwao. Anacheka. Kitu kimoja tu, hapiti mlangoni. Anafika kwa ile ngazi, anasimama, anazunguka, anaingia kwa dirisha. Mwanamume mzima. Majirani walishangaa mwanzoni, sasa wanamwekea jiwe la kukanyagia. Baba yake mdogo, Ondiek, alikuja kutoka nyumbani, akasema kuna dawa ya wazee lazima aoge kabla ya kula kwa sufuria yangu. Mchungaji akasema kuna maombi. Tumefanya yote mawili. Bado anaingia kwa dirisha.

Uliuliza kama tunaonana na Nasambu. Tumeonana. Alikuja Alhamisi. Nilikuwa nachambua maharagwe, akakaa akachukua konzi yake tukachambua pamoja. Tukamaliza maharagwe yote. Halafu akasema, "Leonida, nilisema panga ni yangu."

Nikasema, "Ulisema."

"Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema siijui, wewe ungekuwa unavaa nguo ya kufiwa kama hii yangu."

"Najua, Nasambu."

"Sikuja kudai. Ng'ombe sitaki, nina wangu na hana majani. Nimekuja kuuliza. Alimpiga mara ngapi?"

Nikamwambia jaji amesema haijulikani. Akaniambia, "Jaji hajamzaa Johnstone. Kama ni mara moja, basi aliuawa na panga yake na ngazi yako, nitalala. Kama ni mara mbili, nataka kujua kabla ya hiyo ya pili alikuwa anafanya nini. Alikuwa amelala chini? Alisema kitu? Alimwita mtu?"

Nikamwita Joash dirishani, nikamuuliza. Ni mara ya kwanza kumuuliza, Awuor. Mwaka mzima nilimpelekea chakula na sikumuuliza. Akasema, "Mama, sijui. Nakumbuka panga ikipanda. Halafu nakumbuka Awuor amenishika mkono." Akamwangalia Nasambu, akamwambia, "Mama, nisingekuficha." Nasambu akasema, "Naona."

Halafu wote wawili wakaniangalia mimi, na mimi nilikuwa kanisani.

Nilienda kwa wakili Kiprono. Nilimuuliza kwa mbali, kama mtu akisema neno sasa, wanaweza kumrudisha Joash? Akasema hapana, ameachiliwa ni ameachiliwa, kwa kesi hiyo hakuna atakayemshika tena. Akaniuliza, kwani Mama kuna neno? Nikasema ni salamu tu.

Mwanangu, ile barua yako ya Agosti niliisoma yote. Haikunyeshewa hata tone. Uliniuliza useme nini, na mimi nikakujibu na habari ya kifua. Nilikuwa nataka mtoto wangu, na sikutaka kujua ni mtoto wa namna gani nitakayerudishiwa. Ningekuwa na wawili wa kiume pengine ningekuwa jasiri.

Huko mahakamani mzigo ulikuwa wa serikali, na ilikuwa haki, nimeelewa sasa hata mimi wa gumbaru. Mtu asinyongwe kwa sababu hakuna wa kumsemea. Lakini Nasambu alitusemea na hakuwa wetu. Alimtoa mtoto wangu kwa kumsema wa kwake aliyelala kaburini, mbele ya watu, na gauni la kikundi. Sasa ameuliza neno moja, na ni sisi wa kujibu.

Njoo Aprili shule zikifungwa. Usiniandikie jibu kwa barua, sitaki. Usimwambie Joash kwanza, na mimi usiniambie kwanza, hata kama nitakuuliza stendi, na mimi najijua nitakuuliza. Nasambu atakuja hapa, nitapika, tutakaa yeye na mimi kwa benchi moja, na utatuambia sote wawili wakati mmoja. Amesema hatalia. Mimi sijasema hivyo.

Lete nyanya. Lete za nyumba mbili.

Mama yako,
Leonida